Waliofanya Kazi na Marehemu

Jumamosi hiyo Ngoliba, kabla jeneza halijapelekwa kaburini, MC Boaz alianza kuita watu wapigwe picha nalo: mjane na watoto, wajukuu, wakwe, akina mama wa chama. Nyuma ya kamera, akipiga picha na video, alikuwa Ndunge. Amepita miaka sabini na magoti yamemkataa, lakini hao vijana wa Thika wenye makamera makubwa waende huko. Ndiye mwanamke wa kwanza kutoka huku kupiga filamu vitani, ng'ambo ya mpaka. Siku hizi anakula kwa kupiga picha za harusi na mazishi.

Marehemu alikuwa Meja Mutinda. Kule vitani Ndunge alimpiga filamu akigawa maji, kisha akiamuru kijiji kichomwe, watu wakiwa ndani. Televisheni ilionyesha maji tu. Ndunge alipiga kelele ofisi hadi ofisi, akaambiwa aende nyumbani apumzike. Alibaki na ombi moja tu kwa Mungu: watu wale waonekane kabla hajafa.

"Sasa waliofanya kazi na marehemu!" Boaz akaita.

Wakaja watu wa kijiji kile, wale waliochomwa. Walitokea upande wa mahindi, nguo zimeungua, wakajipanga bila kusukumana.

"Wafupi mbele, tafadhali. Shosho, wote wanaingia kwa picha?" Boaz akamuuliza bibi huyo wa kamera.

"Wanaingia," Ndunge akasema. Alikuwa akilia, lakini akaendelea kupiga.

Moshi wao uliwakohoza wakwe kidogo. Mpishi akafunika sufuria za pilau.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsogelea Ndunge. "Picha zitatoka lini?"

"Wiki ijayo, mama."

Wiki ijayo ikafika, familia ikakusanyika Makongeni, kwa Nzilani, binti mkubwa wa Meja. Chai ikamiminwa, video ikawekwa. Ndunge hakuangalia skrini, aliangalia nyuso zao. Watu wa kijiji walipotokea, na ngozi zao zilizoungua, vikombe vikawekwa chini. Nzilani akaomba irudishwe nyuma. Leo ni leo, Ndunge akajiambia.

"Simamisha hapo," Nzilani akasema. Akainuka, akaenda karibu kabisa na skrini, akawatazama mmoja mmoja. "Ona vile watu walimpenda baba. Na vile wametoka mbali."

Mjane akaitikia amina, akapanguza macho, akaomba sehemu hiyo iwekwe mwanzo wa video.