Maua Meupe ya Kaburi la Fanueli

Fanueli alikuwa mchimbaji wa jasi kule Makanya, na kila alipopanda kurudi nyumbani Mamba, juu milimani, vumbi jeupe lilikuwa bado limelala kwenye nywele zake. Ndiyo maana mwaka ule aliofariki, mkewe Honorata, Mama Gideoni, alipoona kando ya barabara ya Makanya mmea wenye vijiua vyeupe kama punje za chumvi, alizikumbuka nywele zile. Aling'oa miche mitatu, akaifunga kwa ganda bichi la mgomba, akaenda kuipanda kaburini, nyuma ya nyumba, juu kidogo ya mfereji.

Misimu miwili tu, kaburi likawa jeupe pe. Asubuhi ukungu uliposhuka kutoka msituni, hakujua maua yanaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Alikaa hapo na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akimsimulia marehemu habari za nyumbani, na mara nyingine aliona kama maua yanamwitikia kwa kichwa. Mikono ilimwasha. Akadhani ni uzee.

Siku ya gulio akaja Namelok, mama wa Kimasai aliyekuwa akimuuzia Fanueli maziwa kule chini. Alitaka kutoa pole kaburini. Alipofika akasimama ghafla, akakusanya shuka lake lisiguse kitu.

"Mama Gideoni, haya nani kakuletea?"

"Nimeyaleta mwenyewe."

"Hili ni gugu karoti. Kwetu limemaliza malisho. Ng'ombe akilila, maziwa yanakuwa machungu. Marehemu ningempa hayo, angeyatema mbele yangu."

Honorata akacheka. Namelok akamweleza taratibu kwamba gugu hilo huwasha ngozi, na shina moja huzaa mbegu maelfu, hushika kwenye matope ya viatu na tairi za bodaboda, hata majini huenda. Honorata akageukia mfereji. Kingo zote mbili zilikuwa na vijiua vyeupe, vikishuka, vikishuka, mpaka kwenye tangawizi za watu. Na kesho yake bwawa la kijiji lingefunguliwa, maji yapite hapo hapo.

Alitamani kubakiza hata shina moja. Namelok akamuuliza yeye alianza na mangapi.

Jioni Honorata alikwenda kwa mzee wa mfereji kuomba ipigwe pembe ya msaragambo, ile ya kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja. Pembe hiyo hupigiwa barabara na mifereji, kaburi, hapana.

"Gugu nimewaletea mimi," akasema. "Maji yasifunguliwe mpaka tuling'oe."

Kulipopambazuka pembe ikalia, watu wakaja. Jirani yake Fortunata alisema mbele ya wote kwamba mama huyu kapanda magugu kama mchicha. Honorata akayapokea maneno hayo. Walifunga mikono kwa matambara, wakang'oa na mizizi, yaliyokomaa wakayatia magunia polepole mbegu zisidondoke, wakayachoma shimoni. Kaburi wakamwachia mwenyewe.

Aling'oa moja moja. Udongo mwekundu ukajitokeza, na kaburi likaonekana fupi, kama Fanueli alivyokuwa. Shina la mwisho alilishika muda mrefu, ukungu ukimpitia mabegani, vijiua vikimgusa vidole kama nywele za mtu aliyelala. Kisha akavuta. Likaachia bila sauti.

"Mama Gideoni," Fortunata akaita, "tukafungue maji?"

"Bado. Kung'uteni viatu kwanza. Na mvua zikinyesha mje tena, haya hayajaisha."