Kwa Hiari Yake

Katika mwaka wa pili baada ya vita vya Hitila, Mwalimu Odero alikuwa na haja ya ndoa moja tu. Hakuomba nyingi. Misheni ilimtoa kwao ziwani ikamleta huku milima ya Nyamira kupatanisha wake na waume, maana wanaume walikuwa wamerudi kutoka Keya, jeshi la Mwingereza, na kila kijiji kilikuwa na nyumba inayovunjika. Mpaka hapo alikuwa ameshughulikia nyumba tatu. Ya kwanza alifukuzwa na mbwa. Ya pili waliombewa, wakalia, wakashikana mikono, na Jumatatu yake mke akarudi kwa baba yake. Ya tatu mume alihamia Ogembo na mwanamke mwingine, akamwachia mwalimu salamu.

Iliyobaki ilikuwa nyumba ya Ishmael Nyasani na mkewe Kemuma.

Nyasani alibatizwa ujanani, akaenda vitani, akapigana na Wajapani huko Bama, akarudi mzima wa mwili. Lakini maneno yalimtangulia nyumbani. Watu walimwambia kwamba mke wake amezoea maisha bila yeye, kwamba alikuwa anaomba mumewe asirudi. Nani alisema? Watu. Wale wale ambao hawana shamba la kupalilia. Mwaka wa kwanza Nyasani alivumilia, wakapata mtoto wa tatu; kisha akahamia nyumba ya kaka yake, akakataa kula chakula kilichopikwa na Kemuma, akawa anamtazama Nyanchama, mtoto wake mkubwa, na wadogo zake wawili kwa mbali kama mpita njia.

Odero alikwenda pale wiki kumi na moja. Sitamnyima haki yake: alitembea kwa mvua, alikaa na Nyasani bila kusema lolote pale Nyasani alipotaka kukaa kimya, na kwa Kiswahili chake kilichonyooka alimrudia neno lile lile kwamba mkewe anampenda. Wiki ya tisa, Nyasani aliketi mlangoni kwa Kemuma akala ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, akamaliza, akanawa. Kemuma alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Odero alirudi kwake anaimba njia nzima.

Mpango ukawa hivi: mchungaji angekuja Jumamosi, naye huja mara mbili tu kwa mwaka. Kemuma angebatizwa asubuhi, na mchana ndoa yao ingebarikiwa mbele ya watu. Kemuma aliitaka baraka hiyo kuliko chakula, kwa sababu Odero alimwambia ndoa ya kanisani haivunjwi na mtu. Nyasani alikubali, kisha akaenda Kericho kuulizia kazi ya chai, akasema atarudi Alhamisi.

Jumanne Odero akaja kumkagua mwanafunzi wake. Mbatizwa hapaswi kuvaa mapambo. Shanga Kemuma alikuwa amekwisha kuzivua. Zilibaki pete za chuma za miguuni, zile zinazoitwa ebitinge, zimekaza juu ya vifundo.

"Na hizo pia," Odero alisema.

Kemuma aliinua macho. "Mwalimu, hii si urembo."

"Ni nini, basi?"

"Ni ya ndoa. Hii haitoki. Ngoja Baba Nyanchama arudi, nimuulize."

Hapo ndipo mtu mwenye masikio angeuliza swali la pili. Mtoto yeyote wa Kikisii angemweleza kwamba pete hizo mwanamke huvishwa ndoa yake inapokamilika, na hukatwa siku moja tu: siku mume anapozikwa. Odero hakuuliza. Kila mwanamke aliyemfundisha alikuwa na sababu ya kubaki na pambo lake, na yeye alikwisha kuchoka na sababu. Tena Alhamisi ilikuwa karibu mno na Jumamosi.

"Mama Nyanchama," alisema kwa upole, "unamtaka Mungu au unataka chuma?"

Kemuma alimhamishia mtoto wake mchanga kwenye ziwa la pili. Halafu akasema, "Kama hii ndiyo inazuia ndoa yangu kubarikiwa, kata."

Walikwenda kwa mhunzi. Mhunzi aliuliza kama huyu mama ana mume. Odero akajibu kwamba anaye, mzima kabisa. Mhunzi akaweka nyundo chini akawaonyesha njia ya kutokea. Odero akamwona ni adui wa dini, akaazima msumeno wa chuma kwa fundi wa misheni, akazikata mwenyewe, polepole, asimjeruhi. Aliona fahari. Nasema hivyo kwa hasira, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi alasiri alikwenda barabarani kumpokea Nyasani, maana habari njema haikai tumboni. Nyasani alikuwa amepata kazi. Alikuwa amemnunulia Kemuma kitambaa cha kichwa cha kuvaa Jumamosi, akakitoa kumwonyesha mwalimu, akakirudisha haraka kwa aibu. Walipanda kilima wakizungumza vizuri.

Karibu na boma wakasikia kilio. Si kilio cha ugomvi. Ni kile cha msiba, kinachoanzwa na mtu mmoja na kupokewa na wengine. Majirani walikuwa wanakimbia kuelekea nyumbani kwa Nyasani.

"Nani amekufa?" Nyasani alimshika mmoja mkono.

Yule mtu alimtazama usoni, akajinasua, akarudi nyuma hatua mbili.

Uani, Mong'ina, mama yake Nyasani, alikuwa amejishika kichwa, wimbi aliokuwa anaanika umemwagika. Alikuwa analilia jina la mwanawe. Kemuma alikuwa kwao kusaidia mavuno tangu Jumatano. Ndiyo kwanza amerudi, na mkwewe ndiyo kwanza ameiona miguu yake. Kemuma alisimama mlangoni na mtoto. Nyasani alimtazama mkewe miguuni. Hakupiga kelele, hakumgusa. Alikaa chini pale alipokuwa, akavisikiliza vilio vya matanga yake mwenyewe.

"Ni kwa ajili ya ubatizo!" Odero alipaza sauti. "Ndugu zangu, ni ubatizo tu!" Alisema kwa Kiswahili, na waliokuwa wanalia walikuwa wanalia kwa Kikisii.

Kesi ilisikizwa Nyamira, mbele ya baraza la wazee. Nyasani alizungumza kwa ufupi.

"Mimi nilirudi Bama. Watu wangu wengi walibaki huko. Nikamwambia huyu mwalimu, huyu mwanamke alitaka nisirudi. Akasema hapana, anakupenda. Nikala chakula yake. Kumbe anangoja nitoke kidogo anizike."

Mzee Onchiri, mkubwa wa baraza, alimgeukia Odero. Alikuwa mtu mtulivu, na alichagua maneno yake ya Kiswahili moja moja.

"Mwalimu, wewe si wa hapa. Mtu wa nje anaweza kukosea, hatumfungi. Sasa sikia vizuri. Kama ni wewe ulimlazimisha huyu mama, sema. Utatoa mbuzi, tutasafisha hii boma, na mama atarudi kwa watoto wake leo. Ulimlazimisha?"

Nyasani aliinua kichwa. Jamani, hata yeye alikuwa anangoja neno hilo. Kemuma alikuwa anamtazama mwalimu wake wazi, bila kificho, kama mtu aliye ndani ya kisima anayemtazama aliyeshika kamba.

Nyuma ya Odero alikaa karani wa misheni na kalamu yake. Miezi miwili tu kabla ya hapo mwalimu mmoja alifutwa kazi kwa kulazimisha watu ubatizo. Na Odero alikuwa amefundisha miaka sita kwamba ubatizo wa lazima si ubatizo. Tena, alijiambia, kusema uongo ni dhambi. Alijiambia mengi kwa muda mfupi.

"Sikumlazimisha," alisema. "Alikubali kwa hiari yake mwenyewe."

Ilikuwa kweli, na kwa kweli hiyo alimmaliza. Kemuma aliinamisha uso. Mzee Onchiri alishusha pumzi, akawauliza wenzake, na haikuwachukua muda. Ndoa imekwisha. Ng'ombe wa mahari warudi. Nyanchama na mdogo wake wabaki kwa baba yao. Yule mchanga aende na mama yake mpaka atakapotembea, halafu atachukuliwa.

Miezi minne baadaye Kemuma alikuja kwa Odero. Kaka zake hawakuwa na la kumwambia zaidi ya habari za ng'ombe waliorudishwa. Alikaa kwenye benchi nje, akamweka mtoto chini.

"Mwalimu, mchungaji anakuja tena lini? Nataka kuingia maji."

Odero alikuwa na jibu, lililoandikwa kwa barua. Mwanamke aliyeachana na mumewe hapokelewi kwenye ubatizo mpaka warudiane. Alimweleza kwa sauti ya chini, akasema ameomba, atazidi kuomba. Aliona aibu, na safari hii hakujiambia chochote.

Kemuma aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa.

"Huyu alisimama juzi," alisema.

"Bwana asifiwe," Odero alisema kabla hajakumbuka hukumu ya wazee.

Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa benchi. Alijivuta, miguu ikatetemeka, akasimama wima, akamcheka mama yake. Kemuma alivibandua vidole vyake kimoja kimoja, akamkalisha chini, akamshikilia mabega. Mtoto alinyoosha mkono tena.