Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mama mwenye binti mjini, na wewe binti mwenye duka, sogeeni karibu. Haya yaliyompata Yunis hayataki mganga wa kuyafafanua. Yanataka masikio tu.

Yunis aliuza maziwa mgando pale Nyasho, Musoma, miaka kumi na mmoja. Alianza na ndoo moja kichwani. Mji ukanenepa, naye akanenepa nao: akapata fremu yenye vigae, friji mbili, na binti yake Stellah nyuma ya kaunta na kucha zake za rangi. Siku hizi Musoma watu wana hela ya kunywa maziwa wakiwa wamekaa. Walimu, madereva wa malori, mafundi wa magorofa yanayoota kila mtaa, wote asubuhi walipita kwa Mama Stellah.

Maziwa yalitoka Butiama, kwa kaka yake Mseti, yakaletwa kwa bodaboda kwenye keni. Yunis aliyamimina yote sufuria moja kubwa, akayachemsha, akaacha yapoe mpaka vuguvugu, akatia kikombe cha mgando wa jana, akafunika. Kesho yake yalikuwa yameshikana. Uinamishe ndoo, hayatembei.

Sasa wiki hiyo Mama Happyness wa mtaa wa pili alikuwa anaoza binti, na wakwe wanatoka Nyasura, kule Bunda. Watu wa ng'ombe.

"Wale hawaanzi na pilau," Mama Happyness alimwambia. "Wanaanza na maziwa. Yakiwa mepesi, mwanangu ataambiwa katoka nyumba ya maji. Lita sitini, Mama Stellah, Jumamosi. Usiniaibishe."

"Nikuaibishe mimi? Hata siku moja."

Jumatano asubuhi Yunis akampigia Mseti. "Kaka, wiki hii usinipunguzie hata lita moja. Ni shughuli ya watu."

Mseti akanyamaza. Akakohoa. Halafu akasema, "Sawa."

Ule ukimya Yunis aliusikia. Tusimtetee, aliusikia vizuri. Lakini kwao mwanamke haulizi kaka yake habari za zizi. Ng'ombe wa mtu hahesabiwi, wala huulizi kama anaumwa, maana kuuliza ni kama kumwombea ugonjwa. Akakata simu, akaenda kununua ndoo mpya.

Alhamisi asubuhi alifunua ndoo ya kwanza. Maziwa yalikuwa vilevile alivyoyaacha. Akainamisha, yakakimbilia upande mmoja kama maji ya kunawa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

"Ni baridi, mama," Stellah akasema.

"Baridi gani ya Musoma hiyo?"

"Basi ni jicho. Nilikwambia yule wa saluni anatuangaliaga vibaya tangu tuweke vigae."

"Mwache mwenzako na nywele zake."

Yunis akanusa. Hata harufu ya uchachu hakuna. Akamkumbuka marehemu mama yake, Ghati. Maziwa yakigoma, Ghati hakutafuta mchawi, alikwenda zizini kutazama. Akajifunga kitenge. "Naenda Butiama. Haya usiyaguse mpaka nirudi."

Alimkuta Mseti anagongea mbao za lango la zizi.

"Mwanamke wa mjini! Leo umekumbuka njia?"

"Nimeikumbuka, kaka."

Wakasalimiana. Watoto, mihogo, mvua. Yunis akaletewa uji, akaunywa wote mpaka akakosa pa kujifichia. Ndipo akasema, "Kaka, unisamehe. Wangapi wanaumwa?"

Nyundo ikasimama hewani. "Umekuja kunihesabia ng'ombe?"

"Sikuhesabii. Maziwa yamekataa kuganda."

Mseti akaweka nyundo chini, akakaa juu ya mbao. "Wawili," akasema. "Viwele vilivimba. Jumanne bwana mifugo akawachoma sindano. Alisema siku saba maziwa yao yamwagwe, asinywe mtu. Hata ukichemsha, dawa haitoki."

"Na ukanitumia!"

"Ulisema isipungue hata lita. Ulinipa nafasi ya kusema neno? Wewe mwenyewe hukuuliza."

Maziwa ya ng'ombe wawili tu, na Yunis kayachanganya na ya zizi zima, dawa ikaua chachu ndoo zote.

Aliporudi Musoma jua lilikuwa utosini, na duka limejaa. Stellah alikuwa ameyachemsha upya, anayauza ya moto, na tangawizi juu. Pale mlangoni mzee Clementi, fundi baiskeli, alikuwa na kikombe karibu na mdomo.

"Shikamoo mzee Clementi. Naomba nirudishie hicho kikombe."

"Marahaba. Mbona unaninyang'anya? Nimelipa mimi!"

"Hela yako utarudishiwa. Usinywe."

"Nimeshafika nusu. Nakufa?"

"Hufi. Ila yana dawa ya ng'ombe. Wawili wamechomwa sindano."

Kikombe kimoja kikawekwa mezani, kikafuata kingine. Mteja mmoja akatoka bila kuaga.

Stellah akamvuta mama yake nyuma ya friji. "Mama, unajifungia duka mwenyewe! Nani angejua?"

"Mwalimu Eunice amepita leo?"

Stellah akatazama kucha zake. Mwalimu Eunice alinunuaga chupa moja kila siku, ya mjukuu wake mdogo.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Amepita."

"Mpigie. Sasa hivi, nikiwa nasikia."

Stellah akapiga. Bahati yao, mtoto alikuwa amelala, chupa haijafunguliwa. Yunis akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kisha akainuka, wakamwaga maziwa yote wawili wao, na sufuria wakaisugua kwa mchanga. Mwisho akampigia Mama Happyness. Ijumaa Mseti angeleta ya ng'ombe wazima peke yao, na hayo yangefika lita ishirini tu.

Mama Happyness alimsikiliza mpaka mwisho. "Kumbe," akasema, akakata.

Jumamosi maziwa yaligawiwa kwa vikombe vya kahawa. Mzee mmoja wa Nyasura akakiinua chake juu watu wakione. "Huku Musoma maziwa mnanywaga kama dawa?" Wageni wakacheka. Mama Happyness hakucheka. Yule mzee akakiinamisha kikombe, maziwa yakang'ang'ania ukingoni. Akanywa, akajifuta ndevu. "Ila ni mazito," akasema. Hilo moja ndilo Yunis alilorudi nalo nyumbani. Wiki mbili nzima Mama Happyness alipita upande wa pili wa barabara.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaopanua biashara. Ukimwambia ndugu yako "usinipunguzie", umemfunga mdomo. Mpe kwanza nafasi ya kusema hapana. Na aibu ya kuuliza, mama, inaweza kummeza mtoto wa mtu ambaye wala humjui.

Mzee Clementi alirudi Jumatatu ya baada ya shughuli. Akanusa kikombe kwanza, akamtazama Yunis, akanusa tena.

"Kunywa, mzee."

"Nakunywa. Nanusa kwa faida ya wenzangu."

Kesho yake, kabla duka halijafunguliwa, simu ya Yunis ikalia. Alikuwa Mseti, na hata salamu hakuanza nayo.

"Dada, mmoja kiwele kimerudi kuvimba. Amechomwa tena. Leo nakutumia keni mbili tu."

Yunis akazitazama karatasi za oda ukutani, akamtazama Stellah anayepanga vikombe. Keni mbili hazikufika hata nusu.

"Zinatosha, kaka," akasema. "Na huyo mgonjwa, ameamkaje?"