Mpinzani wa Marehemu Bizimana

Mwaka 2012, siku chache kabla ya kuondoa matanga ya mumewe, Valérie aligundua kwamba hana hata sentensi moja ya marehemu ya kuwasomea watu. Bizimana alikuwa mlinzi wa ghala kule Clairwood, Durban, na kila Jumatano alikuwa msemaji asiyechoka katika mafunzo ya Biblia. Enzi hizo Valérie hakujua kuandika. Sasa darasa la watu wazima lilikuwa limemfundisha, ila aliyestahili kuandikwa alikwishazikwa.

Aliwauliza marafiki wote wa marehemu. Walikubaliana kwamba Bizimana alikuwa mtu mwema.

"Lakini alisema nini?"

"Alisema mambo mema."

Jioni alimweleza shida hiyo Apollinaire, mwanafunzi Mkongomani aliyepanga chumba nyumbani kwake Glenwood. Apollinaire alikuwa akiandika tasnifu juu ya mtaalamu mmoja wa kale wa Aleksandria, mwanafalsafa wa Kistoa, aliyeandika habari za makuhani, miungu na wafalme wa Misri.

"Vitabu vyake umevipata wapi?" Valérie aliuliza.

"Havipo, Mama Ineza. Vyote vimepotea."

Valérie aliitua sufuria. Kijana huyu alikuwa anasomea vitabu visivyokuwepo, na bado alionekana mwenye afya.

"Sasa unasoma nini?"

"Vipande vilivyomo katika vitabu vya wengine. Kisa chake cha Waebrania kutoka Misri, kwa mfano, tunacho kwa sababu mwanahistoria mmoja Myahudi alikichukia. Alikinukuu ili akivunjevunje."

"Na rafiki zake wa Aleksandria?"

"Hao hawakuniachia kitu. Labda walisema alikuwa mtu mwema."

Kesho yake Valérie alijifunga kilemba cha Jumapili, akaenda dukani kwa Shemasi Audace, fundi wa simu, ambaye hakuwahi kukubaliana na Bizimana hata kuhusu saa.

"Shemasi, mume wangu alikuwa anakosea wapi?"

Audace aliweka bisibisi chini. Ilionekana alilingoja swali hilo muda mrefu.

"Kaa, Mama Ineza. Iko mengi."

Alianza na vitunguu. Bizimana alidai kwamba Waisraeli waliolilia vitunguu na samaki wa Misri hawakutenda dhambi, kwa kuwa aliyehama ana haki ya kutamani chakula cha alikotoka.

"Nikamwambia, hasira ya Bwana iliwaka! Akanijibu, iliwaka kwa ajili ya manung'uniko, si kwa ajili ya vitunguu. Eish! Mtu mbishi."

Valérie aliandika polepole. Audace alimngoja, kisha akamsahihisha pale alipoacha neno.

"Akajitolea mfano yeye mwenyewe," Audace akaendelea. "Alisema, 'Mke wangu hupika samaki wa Durban akaniambia ni sawa na mukeke wa ziwani kwetu Rumonge. Nami hula, nikasema ni sawa. Nimetamani, wala sijanung'unika.'"

Kalamu ilisimama. Miaka yote ya ndoa yao mjini hapa Valérie aliamini kwamba samaki wale walimdanganya Bizimana.

"Hilo nalo ulilipinga?"

"Kwa nguvu zote. Nilimwambia anamdanganya mkewe."

"Akasema?"

"Akasema, 'Shemasi, wewe hujala kwake.'"

Siku ya kuondoa matanga, baada ya marafiki kushuhudia wema wa marehemu, Valérie alimwita Audace. Shemasi alisimama na suti yake ya harusi, Biblia mkononi, akambomoa Bizimana hoja baada ya hoja. Ineza na wadogo zake waliacha soda zao. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi walikuwa wanamsikia baba yao.

Alipofika kwenye vitunguu, Audace alinyoosha kidole na kupaza sauti: "Hasira ya Bwana iliwaka!" Kisha akageukia kiti cha pembeni kungoja jibu, kama alivyozoea kila Jumatano.

Kiti kilikuwa kitupu. Audace aliendelea kungoja. Hakujua afanye nini kingine.

Valérie alisimama na karatasi yake. Alisoma kwa kidole, neno moja baada ya jingine, bila haraka:

"Iliwaka kwa ajili ya manung'uniko, si kwa ajili ya vitunguu."

Audace alishusha pumzi.

"Ndivyo alivyosema," alisema. "Na bado amekosea."

Akafungua Biblia upya.