Vitu vya Barabarani

Orodha ilikuwa na sehemu mbili, na mimi sikuiamini ile ya pili.

Ya kwanza ilikuwa ya kawaida: gauni la kulalia, soksi, mswaki, nguo za mtoto, chaja ya simu. Ya pili ilianza chini ya mstari mnene: taulo nne nzito, blanketi la sufu, kofia mbili za mtoto, tochi ya kuvaa kichwani, mifuko ya plastiki, pembetatu nyekundu ya kuonya magari. Juu yake waliandika: "Vitu vya barabarani." Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, nikaingia msituni kukata magogo. Lakini hospitali ikimwambia mwanamke abebe tochi, sihitaji cheti kujua kwamba wamekwisha kata shauri atajifungulia wapi.

"Hii umepewa na nani?" nilimuuliza binti yangu, Ylva.

"Kwenye kozi, baba. Si nilikwambia?"

"Kozi ya nini?"

"Ya kujifungulia kwenye gari."

Alisema huku anakunja soksi, kama mtu anayesema kozi ya kufuma.

Wodi ya uzazi mjini kwetu ilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano kutoka mlangoni pangu. Wakubwa wa mkoa waliifunga. Kwanza walisema ni likizo ya kiangazi tu, wakunga wapumzike. Kiangazi kikaisha, vuli ikaisha, mlango ukabaki na kufuli. Sasa iliyo karibu iko pwani, kilomita mia moja na thelathini, na huo ulikuwa mwezi wa pili, theluji imefika kwenye madirisha. Walipokwisha kuifunga ndipo wakaanzisha kozi. Nani anafukia kisima halafu anawafundisha watu kuvumilia kiu?

Na wasiniambie kwamba nina kinyongo bure. Mke wangu, Maj-Lis, alishikwa na mshtuko wa moyo akiwa anamenya viazi jikoni. Gari la wagonjwa lililokuwa likikaa mjini walikuwa wamelihamisha ili kubana matumizi. Tulisubiri saa moja na dakika kumi; lilipofika, alikuwa ameshakata roho. Baadaye wakaniletea barua kwamba muda wa kusubiri ulikuwa ndani ya kiwango kinachokubalika. Kinachokubalika na nani, hawakuandika.

Kwa hiyo Ylva alipoanza kupakia begi lake, wiki tatu kabla ya siku zake za kujifungua, nilikaa kitini nikatazama kila kitu kinachoingia. Yeye na mumewe, Hampus, wanakaa ghorofa ya juu nyumbani kwangu. Hampus ni mtu wa kusini, anafanya kazi kiwanda cha mbao, kilomita hamsini barabara hiyohiyo ya pwani. Maneno machache, tabasamu moja kwa wiki. Mtu wa namna hiyo huwezi kujua anawaza nini, na mimi nisichokijua sikiamini.

Alhamisi akaja Solveig kulikagua begi. Solveig ni mkunga, ndiye aliyemzalisha Maj-Lis siku Ylva anazaliwa. Wodi ilipofungwa tulikaa naye mlangoni pa hospitali ile, sisi na nusu ya mji, tukilala kwa zamu tusiwape nafasi ya kutoa vitanda. Halafu siku moja nikasikia amechukua kazi kwa wakubwa walewale. Yeye ndiye anayefundisha ile kozi.

Nilimwekea kahawa na vipande vya jibini ndani yake, desturi ya huku kwetu, kama anavyoipenda. Adabu ni adabu.

"Wanakulipa kwa kila gari?" nilimuuliza.

"Kunywa kahawa yako, Helge."

"Nauliza tu. Jana mlangoni na sisi, leo umevaa beji yao."

"Nimevaa beji yao kwa sababu wanawake bado wanazaa. Ulitaka nikae mlangoni mpaka lini?"

"Mpaka wafungue."

"Basi kaa wewe, una kiti kizuri. Mimi nimkague mtoto wako." Alichukua blanketi la sufu, lile jekundu la Maj-Lis, akalinusa. "Hili zuri. Hampus akiwa kazini, nani ataendesha?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye ulipaswa kuja kwenye kozi kuliko wote."

"Mimi nimeendesha lori la magogo miaka thelathini na nane."

"Magogo hayatoki yenyewe, Helge," akasema, na Ylva akacheka mpaka akashika tumbo.

Sikucheka. Nilikuwa naona mambo yanavyokwenda. Kila familia ikipakia taulo na tochi, mwisho wa mwaka wakubwa watasema: mnaona, watu wamezoea. Hatuhitaji wodi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema mezani. Kwetu kigari cha mtoto hakiingizwi nyumbani kabla mtoto hajazaliwa. Hata asiyeamini kitu anaamini hilo. Chetu kilikuwa kwa jirani, Rune, ghalani, kimefunikwa turubai. Sasa ikiwa kigari tu kinavuta balaa, taulo za kupokelea mtoto pembeni mwa barabara zinavuta nini? Begi lile lilikaa ukumbini karibu na viatu vyangu, na kila nilipopita nililiona kama mgeni aliyekuja kusubiri msiba.

Jumamosi Ylva alikwenda kliniki. Hampus alikuwa amelala juu, ametoka zamu. Nilifungua begi nikatoa vitu vyote vya barabarani, taulo, blanketi, kofia, tochi, mifuko, pembetatu, nikaviweka kwenye gunia la viazi, nikavuka uwanja hadi ghalani kwa Rune. Nikavipanga ndani ya kigari, nikarudisha turubai. Mahali pake ndipo hapo, niliona: pamoja na vile visivyotakiwa kuonekana kabla ya wakati. Begi nikalijazia magazeti lisinywee.

Siku nane hakuna aliyejua. Jumapili ya pili, tukiwa tunakula, Ylva akaenda kutafuta krimu ya mikono begini. Akarudi ameshika gazeti.

"Hampus. Hii nini?"

Hampus akatazama gazeti, akatazama sahani yake.

"Taulo ziko wapi? Blanketi la mama liko wapi?"

"Sijui," akasema.

"Hujui. Ulisema utaziosha kofia, ukaziosha?"

"Niliziosha. Nilizirudisha."

"Ulizirudisha wapi, ndotoni? Mtu mzima anajaza begi la uzazi magazeti. Ulitaka nisome habari za michezo?"

"Nitanunua vingine kesho nikitoka zamu."

"Utanunua blanketi la mama?"

Mimi nilikuwa nikikata nyama. Niliikata vipande vidogo sana. Nilisubiri Hampus ajitetee, ainue macho aniangalie, aseme basi itakuwa ni mzee. Hakusema. Nikajiambia: tazama jinsi anavyokubali upesi, lazima kuna kitu kingine anachokificha. Ndivyo nilivyofikiri. Mtu mwenye hatia huwa na akili ya kutafuta hatia kwa wengine.

Ylva alipanda ngazi bila kumaliza chakula. Hampus akaosha vyombo.

Jumatatu saa tano asubuhi nilikuwa napiga koleo kwenye theluji mlangoni, nikasikia dirisha linafunguliwa.

"Baba. Chupa imepasuka."

Nilidhani ni chupa ya maziwa. Kisha nikamwona uso.

Hampus alikuwa kiwandani tangu alfajiri. Ylva akapiga simu wodi ya pwani. Kwetu huruhusiwi kwenda tu, lazima upige kwanza, wao waamue. Aliweka sauti juu nikasikia. Mwanamke mpole, sauti kama ya redio. Uchungu unakuja kila baada ya dakika ngapi? Saba? Huyu ni mtoto wa kwanza? Basi pumzika nyumbani, oga maji ya moto, meza dawa ya maumivu, upige tena zikifika nne.

"Amekwambia upumzike," nilisema. "Hajui uko wapi? Hana ramani?"

"Ana ramani. Hana kitanda." Akaning'inia kwenye mlango mpaka uchungu ukapita. "Mimi siogi maji ya moto, baba. Twende. Hampus tutamchukua njia panda ya kiwanda. Shika begi."

Nikashika begi. Lilikuwa jepesi kama mto wa kulalia.

Ningeweza kunyamaza. Kabatini kulikuwa na taulo, ningetia zozote, na Hampus angebeba lawama mpaka kaburini. Lakini nje ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na blanketi la sufu nyumbani lilikuwa moja tu.

"Ylva, vile vitu viko kwa Rune."

"Vitu gani?"

"Vya barabarani. Viko ndani ya kigari. Nilivitoa mimi."

Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, mabosi, madaktari, mleta barua. Sijawahi kutazamwa vile.

"Jana ulikuwa unakula nyama," akasema.

"Ndiyo."

"Ukamwacha."

"Ndiyo."

"Pita kwa Rune."

Rune alikuwa uwanjani. Aliponiona nimekimbilia ghalani na kutoka nimekumbatia gunia la viazi, akaegemea ufagio wake.

"Unaiba vya kwako, Helge? Kigari hukichukui?"

"Bado hajazaliwa."

"Naona," akasema, akitazama dirisha la gari. Akaacha mzaha. "Nenda, wewe. Nenda."

Niliendesha kama nilivyoendesha miaka yote, sikukimbia, maana anayekimbia kwenye barafu hafiki. Lakini kabla ya kilomita ya ishirini dakika saba zilikuwa zimekuwa nne. Kilomita ya arobaini zilikuwa tatu. Ylva hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu kwa sauti nzito nisiyoijua, na kati ya hesabu na hesabu alisema, "Usinisemeshe, baba," na mimi sikuwa nimesema kitu.

Njia panda Hampus alikuwa amesimama bila kofia. Akaingia nyuma. Nikapiga simu ya dharura. Gari la wagonjwa dakika hamsini, wakasema, kwa kadiri ya hali ilivyo.

Hali ilivyo. Nani aliifanya iwe hivyo?

Nikakata, nikampigia Solveig. Sikutaka. Mkono ulitaka. Aliitika kabla mlio wa pili haujaisha.

"Uko wapi?"

"Nimepita njia panda ya kiwanda. Kila dakika mbili. Anasema anataka kusukuma."

"Basi hamfiki. Tafuta mahali pa kupakilia magogo, uingie, usisimame barabarani. Joto la gari lipandishe mpaka mwisho. Hampus yupo? Mpe simu. Wewe toka uweke pembetatu, halafu usimame pale malori yakuone."

"Nisimame nje?"

"Ulikuja kwenye kozi?"

"Hapana."

"Basi simama nje."

Kwa hiyo mjukuu wangu alizaliwa nami nikiwa hatua themanini kutoka garini, karibu na rundo la miti ya misonobari, mchana kweupe, nimeshika tochi iliyowashwa bila sababu. Malori mawili yalipita. La pili lilipunguza mwendo, dereva akashusha kioo akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikamwambia binti yangu anazaa. Akazima injini, akashuka, akasimama kando yangu, akanipa ugoro. Tukasimama hivyo. Nilikuwa nasikia sauti ya Ylva, kisha sikuisikia. Huo ukimya nilikuwa naujua tangu jikoni kwangu, na nilijua ni nani nitakayemchukia, na safari hii jina lake halikuwa kwenye barua ya mkoa.

Kisha kitu kikalia. Kidogo, kwa hasira, kama anayedai jambo.

Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni. Hampus alikuwa kifua wazi, mtoto amelala juu ya tumbo la Ylva, kitovu bado hakijakatwa kama Solveig alivyoagiza, kofia kichwani, blanketi jekundu limewafunika wote wawili mpaka shingoni. Taulo zote nne zilikuwa zimetumika. Zote nne. Niliziangalia moja moja. Solveig alikuwa bado kwenye simu, anampa Hampus maagizo kwa sauti ya taratibu.

"Msichana," Ylva akasema, si kwangu hasa. Kisha akamgeukia mumewe. "Hampus, ni baba aliyevitoa. Alivipeleka kwa Rune."

"Najua," Hampus akasema.

"Unajua?"

"Nilimwona kutoka dirishani. Amebeba gunia kama mwizi wa viazi."

Nikamwambia, "Siku nane ulijua, na jana ukakaa kimya unatukanwa?"

Alikuwa akitetemeka, sijui kwa baridi niliyoingiza au kwa yaliyopita. Hakunitazama, alimtazama mtoto.

"Na mimi sikutaka viwepo, mzee. Nilipokuona unavibeba, nilifurahi kidogo. Nikasema labda visipokuwepo, haitatokea. Kila siku nasema kesho nitavifuata."

Ylva alifumba macho. "Wanaume wawili," akasema. "Wawili, na akili ya kigari kimoja."

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika hamsini na nane. Nitawaandikia, na wataniletea barua, na najua itasemaje. Wodi yetu ingekuwa wazi, mtoto huyu angezaliwa kitandani, na hilo nitalisema mpaka nife. Lakini barua ile haitakuwa na gunia la viazi ndani yake, na mimi siwezi kuwalaumu kwa gunia.

Nilivua koti langu nikampa Hampus. Alisema hahitaji. Nikamwambia avae, nikafunga mlango, joto lisitoke.