Waya Mpaka Chumba cha Uani

Nyumbani pale ruta ya intaneti ilitunzwa kama bibi harusi: ndani ya kabati la vioo la sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kabati limefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa Mwenyekiti. Mwenyekiti hakuwa mwenyekiti wa chama chochote. Alikuwa kaka mkubwa tu, ila hakuna jambo la nyumba ile lililopita bila yeye kulifungua na kulifunga.

Dada yake mdogo, aliyeitwa Fundi na kila mtu kwa sababu ya cherehani yake, alirudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, akapewa chumba cha uani. Huko mtandao haukufika. "Ukitaka intaneti, sebule ipo," Mwenyekiti alimwambia. Basi mwezi uliopita, chuo cha ushonaji kilipotafuta mwalimu wa kufundisha kwa video, Fundi alifanyiwa usaili sebuleni. Walipomuuliza ataanza lini, Mwenyekiti aliingiza kichwa kwenye kamera. "Hilo bado tunalijadili kama familia," akasema. Chuo hakikupiga tena. Fundi alilia siku mbili, kisha kilio kikamwisha, ikabaki hasira.

Sasa chuo kingine kilikuwa kimemwita kwa usaili wa video, Alhamisi saa nne asubuhi. Akaapa kwamba safari hii ataongea akiwa chumbani kwake, mlango umefungwa.

Alianza kwa kukosea. Alinunua ripita, kifaa cha kurudia mtandao ufike mbali, akaichomeka kando ya cherehani. Taa ikawaka nyekundu, na nyekundu ikabaki. Alipomrudia muuza vifaa vya umeme, yule alicheka mpaka akashika kaunta.

"Dada, umeiweka mahali pasipo na mtandao, sasa itarudia nini? Vuta waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye hiyo ripita."

Jumatano, Mwenyekiti alipokwenda kazini, Fundi alichukua futi kamba yake akapima njia nzima: sebule, ukumbi, jiko, ua. Kila kona aliongeza vidole vinne, kama anavyoacha akiba ya mshono kwa mteja anayenenepa. Akapiga alama ukutani kwa chaki ya vitambaa, akaenda kununua waya, akaugongelea juu ya alama zile. Likabaki kabati. Mbele lilikuwa na kufuli, lakini nyuma, kumbe, ni plaiwudi yenye skrubu sita. Alileta bisibisi ya cherehani aifungue, achomeke waya kwenye ruta.

"Kaka yako atakasirika," alisema mama yao kutoka kwenye kochi.

"Akasirike, Mama. Mimi nimekasirika mwezi mzima na nyumba haijaanguka."

Mama akainuka, akashika kabati lisitikisike.

Jioni Mwenyekiti aliufuata waya ule kwa macho, kutoka sebuleni hadi uani, akamkuta dada yake anapiga pasi.

"Nani amekuruhusu?"

"Sikuomba ruhusa."

"Nitaukata."

"Ukate. Vipimo ninavyo. Nitavuta mwingine, na huo nitaupitisha juu ya kitanda chako."

Mwenyekiti aligeuka, akaondoka. Fundi akarudi kwenye pasi yake; hakuwa amewahi kumjibu kaka yake hivyo tangu azaliwe. Alifurahi, na hakulificha hilo.

Alhamisi Mwenyekiti hakwenda kazini. Saa nne Fundi alitia komeo mlangoni, akakaa mbele ya kompyuta. Taa ya ripita ilikuwa ya kijani. Mwanamke wa chuo alimuuliza juu ya kukata mikono ya gauni, juu ya wanafunzi wazito wa kuelewa, na Fundi alijibu bila kukwama.

"Vizuri sana," yule mwanamke alisema. "Unaweza kuanza lini?"

Mlango ukagongwa kwa kiganja. "Fungua! Waambie kwanza kuna mambo tunajadili!"

Mwanamke wa chuo aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Huyo ni nani?"

"Ni kaka yangu," Fundi alisema, kwa sauti ya kutosha kupenya mbao. "Anaishi chumba cha mbele. Mimi naanza Jumatatu."