Pleti ya Nne

Jumanne asubuhi Nsajigwa alimwaga oili ya giaboksi kwenye beseni, akainusa. Ilinuka kuungua. Gari lilikuwa la ofisi, la Bwana Vitus, mkuu wa idara aliyeletwa Kyela kutoka huko kwao. Giaboksi yake ina klachi mbili: moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine inashika zilizobaki. Wakubwa wanaagiza magari ya namna hiyo, halafu wanayaswaga mchangani kama matrekta.

"Mugonile, fundi," alisalimia Gaudence, dereva. "Bosi analitaka kesho."

"Angelitaka kesho angelileta mwezi uliopita."

Alishusha giaboksi, akafungua kifuniko cha mbele, akatoa saklipu, ile pete inayoshikilia klachi, kwa koleo. Klachi nzima akaivuta taratibu, imenyooka, isikwaruze shafti. Akaiweka juu ya gunia safi, akaanza kuchomoa pleti moja moja na kuzipanga kama zilivyotoka.

Pleti iliyoungua huongea. Hutunza safari iliyoiunguza. Mafundi wa klachi hizi wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hufungua redio ikiwa juu. Redio ya Nsajigwa haikuwa na betri.

Ya pili ilibishana na trafiki. Ya tatu ilikuwa imebeba magunia ya kokoa kutoka Makwale, ikahema tu. Ya nne ilikuwa imegeuka bluu kwa joto. Alipoishika yakatoka mawimbi ya ufukwe wa Matema, muziki, watu wanacheka, magurudumu yanazunguka mchangani bila kusogea. Kisha simu ikaita ndani ya gari.

"Bosi, tuna mama hapa kituoni, hali mbaya," alisema nesi. "Ambulensi haiwaki. Tunaomba gari."

"Niko Mbeya, kikaoni," ilijibu sauti ya Bwana Vitus.

Nyuma ya nesi mwanamke alikohoa. "Mwambieni baba Gwamaka aanue mpunga. Mvua hiyo inakuja."

Alikuwa Tusekile, mke wa Nsajigwa, mama yake Gwamaka. Alikufa jioni ile, miaka miwili iliyopita. Nsajigwa alipolalamika alipewa barua yenye mhuri: gari lilikuwa Mbeya.

Gaudence alikuwa anatazama viatu vyake. "Siku ile tulinasa sana," alisema.

"Na wewe ulikuwepo."

"Mimi dereva tu, mzee wangu."

Nsajigwa aliifuta pleti kwa kitambaa. Ikarudia tena, mpaka kwenye mpunga. Picha za Tusekile anazo tatu. Sauti yake hakuwa nayo popote. Akaiingiza kifuani, ndani ya ovaroli.

"Hiyo inarudi stoo," alisema Gaudence kwa upole. "Vipuri vya zamani vyote. Ikipungua moja, hawasaini, na kazi ya ofisi huioni tena."

Na kazi nyingine ilikuwa wapi? Pleti mpya alizilowesha oili, akazipanga, akapima nafasi, akafunga. Jumatano gari lilibadili gia bila hata kushtuka. Bwana Vitus alilichukua mwenyewe, akasema, "Safi," akapandisha kioo.

Aliporudisha pleti za zamani stoo, alimkuta Marystella, karani, na daftari lake. Aliisikiliza pleti ya nne mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Kweli, hapo ni Matema," alisema. Akaandika: pleti ya chuma, moja, imechakaa.

"Mama, hiyo inasema gari halikuwa Mbeya."

"Nimesikia, baba. Lakini daftari halina sehemu ya maneno."

Akaipandisha kwenye rafu, kati ya tairi lililokuwa linalia kama mtoto mchanga na bomba la dizeli lililokuwa linaomba maji ya kunywa. Vyote akavigeuzia ukutani.

"Basi niwe nakuja kumsikiliza. Hata Ijumaa kwa Ijumaa."

"Inawezekana," alisema Marystella. "Andika barua ya maombi. Ipitie kwa mkuu wa idara, Bwana Vitus, akikubali ataweka sahihi."

Kule rafuni Tusekile alikuwa ameanza tena kukohoa. Nsajigwa alivuta benchi, akakaa, akamwomba karani karatasi yenye mistari.